Nafasi Mbele ya Mlango: Kibali cha Mkazi na Haki ya Mpita Njia

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtaa wa Aurora Highlands, ulioko kaunti ya Arlington katika jimbo la Virginia, ng'ambo ya mto Potomac mkabala na mji wa Washington, ulifikwa na udhia ambao mkazi wa mitaa yetu kama Upanga, Kilimani au Ganjoni hahitaji kuhadithiwa. Jirani na mtaa huo palizuka mji mzima wa maofisi na maduka, Crystal City kwa jina, wenye maegesho yake ya kulipia. Na watumishi wa maofisi hayo, kwa kuikwepa ada hiyo, wakawa kila asubuhi huingia katika barabara ndogo za majirani, huyaacha magari yao mbele ya nyumba za watu, hushika njia kwa miguu kwenda kazini, wala hawarejei kuyachukua mpaka saa za kazi zimekwisha. Hawakuvunja sheria yoyote, kwa kuwa barabara ni ya umma na wao pia ni umma. Lakini mwenye nyumba aliyerudi na mizigo ya sokoni, au aliyekuwa akimrudisha mzazi wake kutoka kwa tabibu, alilazimika kuacha gari mbali na kutembea, ilhali mlangoni pake limekaa tangu asubuhi gari tupu la mtu asiyemjua, lisilo na haja yoyote na mtaa ule.

Halmashauri ya kaunti ikatunga kanuni kwamba, katika mitaa iliyothibitika kusongwa na magari ya watu wa nje, gari lisilo na kibali halitaegeshwa kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, siku za kazi. Na kibali kitatolewa bure kwa mkazi, kwa mtu mwenye shughuli na mkazi, na kwa baadhi ya wageni wake. Waliozuiwa wakaenda mahakamani, wakashitaki kwamba kanuni hiyo yaharibu usawa wa watu mbele ya sheria, usawa uliothibitishwa na Marekebisho ya Kumi na Nne ya Katiba ya nchi yao. Mahakama ya Juu ya Virginia ikawakubalia. Shauri likapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo tarehe 11 Oktoba 1977, katika hukumu fupi isiyobeba jina la jaji mmoja, ilitengua uamuzi ule, ikasema kwamba mji una haki ya kutaka kupunguza moshi, kelele na takataka katika makazi ya watu, una haki ya kuwahimiza wasafiri wa kila siku watumie vyombo vya pamoja, na kwamba kumpambanua mkazi na asiye mkazi kwa makusudio hayo hakuwi dhuluma kwa sababu tu ni kupambanua.

Tangu hapo mlango ukawa wazi. San Francisco ilikwisha anza utaratibu wa namna hiyo mwaka 1976, ikaigawa mitaa yake kwa herufi, na baada ya hukumu ya 1977 miji mingine mingi ya Marekani ilifuata bila hofu ya mahakama. Lakini mahakama ilijibu swali moja tu, kama jambo hili laruhusiwa; swali la namna ya kuliendesha liliachiwa mabaraza ya miji, na humo ndimo, kwa rai yangu, miji mingi ilimopotea njia. Kibali cha kuegesha ni ahadi ambayo serikali ya mji inampa raia wake kwa maandishi, na ahadi inayotolewa bila hesabu ya kile kinachoahidiwa huwadhulumu watu wawili kwa pamoja: mkazi aliyeipokea akaitegemea, na mpita njia aliyefukuzwa kwa ajili yake.

Tuitazame kwanza London, maana mji huo una mengi ya kufundisha, na baadhi yake ni mazuri sana. Mita za kwanza za kuegeshea magari katika Uingereza zilisimamishwa tarehe 10 Julai 1958 katika eneo la Mayfair, na miaka iliyofuata mitaa ya makazi ikaanza kuwekewa mipaka yake, kila mtaa na saa zake, alama zake za rangi barabarani na vibali vya wakazi wake. Asiyeijua kazi hii hudhani kwamba, ili kumzuia mtu wa nje, ni lazima barabara ilindwe kutwa kucha. Mitaa mingi ya pembezoni mwa London, iliyo karibu na vituo vya reli, imeonesha kwamba sivyo. Huko kanuni hufanya kazi saa moja au mbili tu kwa siku, aghalabu katikati ya mchana. Saa nyingine zote mtu yeyote huegesha atakapo. Msafiri anayetaka kuacha gari lake asubuhi, apande treni, arudi jioni, hawezi kuipenya saa hiyo moja, kwani gari lake litakutwa pale bila kibali na atatozwa faini. Bali shangazi aliyekuja kumjulia hali nduguye jioni, fundi aliyeitwa asubuhi kuziba bomba, mwanafunzi aliyekuja kuazima kitabu, wote hao huja na kuondoka bila kuombwa karatasi. Saa moja imetosha kuondoa udhia uliokusudiwa kuondolewa, na haikumgusa asiyehusika. Sijaona katika mambo ya miji kanuni nyingi zenye insafu ya namna hii, ya kulipima katazo kwa kadiri ya madhara yenyewe lisipite hata kidogo, na ningependa kila diwani wa miji yetu aijue kabla hajanyanyua mkono kupitisha katazo la saa ishirini na nne.

Sasa tuje kwenye hesabu. Barabara yenye urefu wa mita 100, upande mmoja, ukitoa nafasi ya mita sita kwa kila gari, hubeba magari kumi na sita. Ukiondoa makutano ya njia, malango ya nyua, bomba la maji la zimamoto na mahali pa kuvukia watoto, yatabaki magari kumi au kumi na mawili. Nafasi hizo haziongezeki kwa hotuba wala kwa azimio la baraza. Pamoja na hayo, katika Boston vibali vya wakazi vilitolewa kwa miaka mingi bure na bila kikomo cha idadi kwa kila nyumba, hata ikawa katika baadhi ya mitaa vibali vinazizidi nafasi zenyewe. Kufanya hivyo ni sawa na mwenye karamu aliyealika watu wa mitaa mitatu bila kuyahesabu masinia. Mkazi wa Boston anacho kibali kwenye kioo cha gari lake na bado huzunguka mtaani usiku, akichoma mafuta na kumezesha majirani zake moshi, akitafuta nafasi ambayo mji ulimwambia kwa maandishi kwamba anayo haki nayo. Na theluji inapoanguka, na mtu akaifukua kwa koleo mpaka akapata mahali pa gari lake, huweka kiti kibovu au pipa kuilinda nafasi hiyo mpaka atakaporudi. Desturi hiyo ni ya kale huko, na mji umeiruhusu kwa muda wa saa 48 baada ya dharura ya theluji kutangazwa kwisha, ingawa mtaa wa South End uliamua mwaka 2015 kuikataa kabisa. Hapa kwetu hakuna theluji, lakini mawe, matairi ya zamani na viti vya plastiki tunavyo mbele ya maduka na nyumba zetu, navyo husema maneno yale yale: hapa pangu, ingawa pa wote.

Amsterdam imeishika njia ya haki zaidi. Huko kila mtaa una idadi ya vibali isiyovukwa, na mwombaji anayekuja baada ya idadi kutimia huingia katika orodha ya kungojea, ambayo katika baadhi ya mitaa huchukua miaka. Kungoja kunauma, na wapo wanaoilaumu halmashauri kwa ukali huo; hata hivyo aliyepata kibali anajua amepata nini, na anayengoja anajua angojea nini. Fauka ya hayo mji huo uliazimia mwaka 2019 kuondoa zaidi ya nafasi 10,000 za kuegesha barabarani, ili mahali pake pawe pa miti, pa baiskeli na pa watoto kuchezea, na ungewezaje kuazimia hivyo mji usiojua hesabu ya nafasi zake na ya vibali vyake?

Suala la ada ni gumu kuliko la idadi, kwa sababu linagusa mfuko, na palipoguswa mfuko hata mtu mpole huinua sauti. Katika Ujerumani ilikuwapo sheria ya nchi nzima kwamba kibali cha mkazi kisizidi yuro 30.70 kwa mwaka, kiasi ambacho katika miji mikubwa hakifiki hata kodi ya mwezi mmoja ya banda dogo la kulaza gari. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 2020, na mji wa Freiburg ukapandisha ada mpaka yuro 360 kwa magari ya kawaida, 240 kwa mafupi na 480 kwa marefu, na ukawapunguzia wenye kipato haba. Mwezi Juni 2023 Mahakama ya Utawala ya Shirikisho, iliyoko Leipzig, ikaibatilisha kanuni hiyo: haikukataa kiwango chenyewe cha yuro 360, lakini iliona kwamba pengo kati ya gari fupi na refu limepita kadiri, kwamba nafuu ya maskini haikuwa na msingi katika sheria ambayo mji uliitegemea, na kwamba kanuni ilitungwa kwa namna isiyo yake. Miaka kumi kabla yake, mwaka 2013, Mahakama Kuu ya Uingereza ilikuwa imeamua dhidi ya halmashauri ya Barnet, katika kaskazini ya London, iliyopandisha kibali cha mkazi kutoka pauni 40 hadi 100, na tikiti ya mgeni kutoka pauni 1 hadi 4, kwa nia ya kupata fedha za kazi nyingine za barabara. Mahakama ikasema sheria ya maegesho si sheria ya kodi, na halmashauri haina ruhusa ya kuitumia kama mrija wa kujazia hazina.

Nimezitafakari hukumu hizi mbili kwa muda, na naona kwamba zote mbili zinamlinda raia dhidi ya hatari iliyo ya kweli, yaani hatari ya baraza la mji kuigeuza shida ya watu kuwa chemchemi ya mapato. Lakini sikubaliani na wale wanaotoa katika hukumu hizo funzo kwamba kibali kiwe cha bure au karibu na bure. Ardhi ya mji ina thamani, na mita kumi na mbili za mraba anazozishika mwenye gari usiku na mchana, mbele ya nyumba ambayo jirani yake hana gari wala hatarajii kuwa nalo, ni sehemu ya mali ya huyo jirani pia. Profesa Donald Shoup wa Los Angeles, aliyefariki mwaka 2025, alitumia maisha yake ya elimu kuthibitisha kwamba maegesho ya bure hayapo, ila gharama zake hulipwa na mtu mwingine kwa njia isiyoonekana; na dawa aliyoitaja ni kwamba fedha zinazokusanywa katika mtaa zirudi katika mtaa huo huo, zipande miti, ziwashe taa, zitengeneze njia za miguu. Asiye na gari akiona taa mpya mbele ya mlango wake, akaambiwa kwamba imenunuliwa kwa ada ya magari yaliyoegeshwa hapo, hana sababu ya kunung'unika. Na mwenye gari, akiiona taa hiyo hiyo, anajua fedha zake zimekwenda wapi.

Japani ilikwepa mabishano yote haya kwa kuyakata kwenye shina. Tangu sheria ya mwaka 1962, anayetaka kumiliki gari katika miji ya nchi hiyo sharti athibitishe kwa polisi kwamba anapo pahali pa kulilaza nje ya barabara, na siku hizi pasiwe zaidi ya kilomita mbili kutoka nyumbani kwake. Askari huja kupatazama, na bila cheti cha polisi gari haliandikishwi. Kwa hiyo mitaa ya makazi ya Tokyo, ambayo ni myembamba kama mingi ya kwetu, usiku huwa mitupu, na watu hutembea katikati yake. Wazo kwamba ni haki ya maumbile gari lilale mlangoni pa mwenyewe halina asili ndefu. Wakazi wa Mji Mkongwe wa Unguja wamekuwa wakiacha magari pembezoni na kuingia vichochoroni kwa miguu, na Lamu imeishi karne nyingi kwa miguu, punda na mashua.

Nimemtaja mpita njia katika kichwa cha habari hii, na sasa ni zamu yake. Katika kanuni za Ujerumani kuna sharti ambalo halitajwi sana, nami naliona ndilo lenye ubinadamu kuliko yote: ndani ya eneo la vibali, mchana wa siku za kazi, nafasi zinazohifadhiwa kwa wakazi zisizidi nusu, na saa nyingine zisizidi robo tatu. Zilizobaki ni za ulimwengu. Aliyetunga sharti hilo alikumbuka kwamba mtaa hauishi kwa wakazi wake peke yao. Kuna muuguzi anayezunguka nyumba hata nyumba kuwaosha vidonda wazee, kuna mwalimu wa madrasa anayetoka mtaa mwingine, kuna mteja bila yeye duka la pembeni litafungwa. Mji ukisahau hao, kura za wakazi zitausahaulisha zaidi. Mwezi Februari 2024 watu wa Paris waliulizwa kama magari makubwa mazito ya wageni yatozwe ada mara tatu. Waliokubali walikuwa zaidi ya asilimia 54 ya waliopiga kura, na waliopiga kura hawakufika hata asilimia sita ya walioandikishwa. Wakazi walisamehewa ada hiyo katika mitaa yao wenyewe. Huenda ada ile ni ya haki, kwani gari zito huharibu na kuhatarisha zaidi. Lakini kila mara mtu anapopiga kura juu ya mzigo ambao hatauchukua yeye, inampasa anayesimamia mji awe na hadhari.

Fikiri jambo hili katika mila zetu. Mtu anapofariki Magomeni au Majengo, jamaa hutoka pande zote kabla ya saa ya maziko, na kwa siku tatu mtaa mzima huwa matanga. Harusi nayo ina siku zake, na khitma, na arobaini. Kanuni itakayomlazimu mfiwa aende ofisini kuomba tikiti za wageni kwa ajili ya waombolezaji, au itakayofunga minyororo magurudumu ya gari la mjomba aliyetoka Tanga usiku kuja kuzika, itavunjwa siku ya kwanza na kudharauliwa milele, na itastahiki. Halmashauri za London huwauzia wakazi tikiti za wageni, ambazo mkazi huandika tarehe na kumpa mgeni wake aziweke kiooni, na siku hizi nyingi zimehamia kwenye simu. Kwetu sisi ingefaa zaidi mjumbe wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa awe na mamlaka ya kuufungua mtaa kwa siku za msiba na harusi, kwa kumwarifu tu msimamizi wa maegesho, bila malipo na bila fomu.

Uwezo wa kuyaanza haya upo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imezikabidhi kaunti mambo ya barabara zake, taa za mitaani na maegesho. Katika Tanzania Bara ushuru wa maegesho hukusanywa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mpaka sasa kazi kubwa ya vyombo hivyo imekuwa kukusanya fedha katikati ya miji, mahali palipo na maduka na maofisi, na mtaa wa makazi umeachwa ujisimamie kwa mawe na walinzi wa malango. Nina hofu kwamba siku zamu ya mitaa itakapofika, wataalamu watakuja na stika na mashine za kukatia risiti kabla hawajatembea barabara hata moja kuhesabu nafasi zake. Nawaomba waanze na kutembea. Watembee saa nne mchana na saa nne usiku, waandike ni magari mangapi ya mtaa na mangapi ya nje, wajue udhia unatoka kwa nani na katika saa zipi. Kwa maana mtaa unaosongwa mchana na magari ya maofisi, kama Upanga, hauna dawa moja na mtaa unaosongwa usiku na magari ya wakazi wenyewe, ambako kibali hakimtoi mtu yeyote wa nje kwa kuwa hakuna wa kutolewa.

Na mitaa ya namna hii ya pili ndiyo inayoongezeka kwa kasi kuliko yote. Kariakoo ilipangwa kwa viwanja vya nyumba ya Kiswahili ya chini, yenye vyumba sita, ukumbi katikati na uwanja nyuma. Leo juu ya kiwanja kile kile imesimama ghorofa yenye familia nyingi mara kadhaa, na barabara ya mbele haikuongezeka hata unyayo mmoja. Hapo vibali vikigawiwa kwa kila mkazi aombaye vitakuwa karatasi tupu. Halmashauri kadhaa za London, zilipokabiliwa na jambo hilo hilo, ziliweka katika mikataba ya majengo mapya sharti kwamba atakayenunua au kupanga humo hatapata kibali cha kuegesha barabarani, na lazima aambiwe hivyo kabla hajatia sahihi. Anayetaka gari atafute nyumba yenye uwanja wake, na asiyelihitaji anunue kwa bei nafuu kwa kuwa mjenzi hakuchimba handaki la magari chini yake. Sharti hilo halimnyang'anyi mtu kitu alichokuwa nacho, na kwa sababu hiyo linawezekana. Wakati wake ni ule ramani inapopelekwa ofisini kuidhinishwa, kabla ya msingi kuchimbwa. Kwani familia ikishahamia na gari lake, hakuna diwani atakayethubutu kuiambia kwamba barabara iliyo mbele ya mlango wake haikuhesabiwa kwa ajili yake.